Kopo la viungo lililovunda wakati wa masika

Wifi yangu aliniletea kopo limefungwa ndani ya mifuko miwili ya nailoni. Lilikuwa kopo la plastiki, na ndani yake mlikuwa na unga wa rangi ya matofali uliogandamana kama sukari guru. Nilipofungua, harufu iliyotoka haikuwa ya supu. Ilikuwa harufu ya godauni la mahindi lililovujiwa na mvua. Chini ya kifuniko palikuwa na madoa mawili ya kijani yenye majivujivu, moja la ukubwa wa shilingi, jingine dogo zaidi.

"Wifi, jua liliwaka," aliniambia kabla sijauliza chochote. "Nimeanika siku nne. Kavu kabisa ilikuwa."

Wifi yangu ni mama lishe hapa Tanga. Asubuhi anauza supu na chapati, mchana wali maharage na ugali kwa mchuzi wa samaki. Kwa siku mbili jiko lake hutoa ndoo nzima ya maganda: maganda ya karoti na vichwa vyake, mashina ya kotimiri, mioyo ya pilipili hoho, ngozi za nyanya, majani ya seleri, maganda ya tangawizi, mikia ya vitunguu vya majani. Mboga nyingi hushuka kutoka milima ya Lushoto, na zikifika soko la Mgandini bado zina udongo mwekundu wa huko. Mwezi wa kwanza aliamua kuacha kutupa vyote hivyo, akaanza kuvikausha na kuvisaga kuwa unga wa kukolezea supu. Alikuwa amechoka kununua vidonge vya supu kila siku, na mumewe alikuwa ameambiwa na daktari apunguze chumvi. Vidonge vile ni chumvi kwanza, ladha baadaye. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asivuke gramu 5 za chumvi kwa siku, na mtu anayekula kibandani asubuhi na mchana huzimaliza kabla hajafika nyumbani kwake.

Mkupuo wa Januari ulitoka vizuri mno. Niliuonja kwenye maharage: una utamu ule wa karoti iliyokolea moto, na nyuma yake ladha nzito inayoletwa na ngozi ya nyanya. Wa Februari nao ulifana. Wa Aprili ndio huu uliokuja kwangu ndani ya mifuko miwili.

Naandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu nimeona wengi wakianza kazi hii na kuiacha baada ya kopo la kwanza kuvunda, wakiamini kwamba haiwezekani pwani. Inawezekana. Lakini pwani ina masharti yake.

Alichofanya

Nilimwomba anieleze mkupuo wa Aprili hatua kwa hatua, bila kuruka kitu. Alipima kilo 3 za maganda kwenye mizani yake ya jikoni. Akayaosha kwenye beseni, akayakatakata, akayamwaga yote pamoja juu ya karatasi ya nailoni iliyotandikwa kwenye bati la paa la banda la kuku. Alichagua bati kwa sababu hushika joto, na kwa kuwa masika yalikuwa yameanza alitaka kazi iishe upesi. Usiku aliyafunika kwa khanga, akayaacha palepale chini ya upenu. Siku ya pili na ya tatu manyunyu yalipita mchana, akayaondoa na kuyarudisha. Siku ya nne alichukua jani la kotimiri, likapukutika vidoleni, akasema tayari. Akasaga kwenye blenda, akachanganya chumvi gramu 150 na unga wa kitunguu saumu, akajaza kopo hadi juu unga ukiwa bado na joto la blenda.

Siku ya tisa ulishikana. Siku ya kumi na mbili yakaonekana madoa.

Kuna mambo manne, mengine niliyaona mwenyewe baadaye, ambayo yangeweza kuharibu kopo. Shida ya kisa kama hiki ni kujua lipi lilitangulia, maana ukirekebisha lisilo chanzo utavunda tena mwezi ujao na utakata tamaa.

Daftari

Jibu lilikuwa kwenye daftari lake la mahesabu. Wifi ni mtu wa kuandika. Anaandika bei ya mkaa, anaandika deni la kila mteja, na alikuwa ameandika uzito wa maganda mabichi na uzito wa makavu kabla hajatia chumvi. Januari: kilo 3, gramu 352. Februari: kilo 3, gramu 349. Aprili: kilo 3, gramu 430.

Aliona namba hiyo ya tatu akafurahi. Alidhani amepata unga mwingi zaidi kwa maganda yaleyale.

Hebu tuhesabu. Karoti ni maji karibu asilimia 88, kitunguu asilimia 89, nyanya hufika 94 au 95. Kwa mchanganyiko wake, wenye karoti nyingi, tukisema maji ni asilimia 89, basi ndani ya kilo 3 kitu kigumu chenyewe ni gramu 330 tu. Kingine chote ni maji. Mkupuo wa Januari ulikuwa na gramu 352, yaani maji yaliyobaki ni gramu 22, kama asilimia 6. Huo ni ukavu wa kweli. Mkupuo wa Aprili ulikuwa na gramu 430: maji gramu 100, asilimia 23. Na tukumbuke kwamba mboga za wakati wa mvua huwa na maji mengi zaidi, kwa hiyo uzito mkavu ulipaswa kushuka, si kupanda. Zile gramu 80 alizofurahia zilikuwa maji.

Mboga ya kusaga inatakiwa iwe chini ya asilimia 10. Hapo kuvu hakuna anachoweza kunywa. Kwenye asilimia 23 anakunywa na anastawi.

Lakini jani lilipukutika, na wifi hakusema uongo. Bahati nzuri alikuwa amebakiza konzi moja ambayo haikusagwa. Niliimwaga kwenye sinia jeupe tukaanza kuchambua kwa vidole. Majani ya seleri na kotimiri: yanalia chwa, yanavunjika. Maganda membamba ya karoti: yanavunjika. Kisha nikachukua kichwa kimoja cha karoti, ile sehemu ya juu inapoanzia majani, nene kama kidole gumba. Kwa nje kilikuwa kigumu, kinang'aa kidogo, ukikigonga kwenye sinia kinalia kama kokoto. Nikakikata kwa kisu. Ndani kilikuwa laini, cha rangi ya chungwa iliyoiva, kinanyumbuka kama ngozi ya kiatu. Nilimpa akibonyeze, akanyamaza.

Hicho ndicho bati lilichofanya. Joto kali la ghafla hukausha ngozi ya nje haraka kuliko maji ya ndani yanavyoweza kusogea kuja juu. Ngozi inafunga, maji yanabaki ndani yamefungiwa. Kwa macho na kwa mkono kipande ni kikavu. Jua la kati na upepo mwingi hufanya kazi bora kuliko bati la moto. Hata wenye oveni hukausha mboga kwa nyuzi 50 hadi 60 tu.

Kisha blenda ikamaliza kazi. Kipande kikibaki kizima, maji yake ni yake. Ukikisaga na kukichanganya na majani makavu, unyevu unagawanywa kwa wote ndani ya siku chache. Majani yaliyokuwa makavu kabisa yanalowana kwa maji ya vichwa vya karoti na mioyo ya pilipili hoho. "Samaki mmoja akioza," wifi alisema, hakumalizia. Kopo zima hufuata kipande chake kibichi kuliko vyote, na ndiyo maana kupima kwa jani la kotimiri hakukuwa kipimo. Jani hukauka kwanza. Kinachopimwa ni kile kinene.

Chumvi, mvuke, na masizi ya kitunguu

Mambo mengine matatu hayakuanzisha tatizo, ila yalilisukuma.

Chumvi kwanza, kwa sababu wengi huamini chumvi inahifadhi chochote. Inahifadhi samaki kwa kuwa unaitia nyingi mno. Kidogo ndani ya unga hufanya kinyume. Chumvi ya kawaida ikikaa kwenye hewa yenye unyevu unaopita asilimia 75 huanza kunyonya maji mpaka ilowane. Kila nyumba ya pwani inajua jambo hili bila kuhitaji namba: wakati wa masika chumvi mezani hulia machozi, tunatia punje za mchele kwenye kichupa. Asubuhi za Aprili Tanga unyevu wa hewa hupita asilimia 80. Kutia chumvi gramu 150 ndani ya kopo linalofunguliwa mara kumi kwa siku ni kuweka sifongo ndani ya kopo. Unga wa nyanya, kitunguu na kitunguu saumu nao hunyonya, kwa sukari zake. Bora chumvi ikae chombo chake, na iwe ile yenye madini joto, itiwe chunguni kwa kipimo chake. Hapo ndipo na yule mumewe anapopata nafuu aliyotafutiwa.

Mvuke: nilikaa kibandani kwake asubuhi moja nikamtazama. Anashika kopo juu ya sufuria ya supu inayotokota, analipiga matako, unga unamwagika. Mvuke wote unaingia kopo. Halafu kijiko cha mchuzi kinazama ndani kuchota kilichogandamana. Simlaumu, jiko la biashara lina haraka. Lakini unga ulipaswa kuchotwa kwenye kibakuli mbali na moto kabla sufuria haijachemka.

Na maganda ya vitunguu. Yale makavu ya nje, yanayolia kama karatasi, alikuwa ameyatia kwa ajili ya rangi. Ukiyachunguza utaona kwenye mengi masizi meusi yanayopakaa vidoleni. Watu hudhani ni vumbi la gunia. Ni kuvu, ambaye wataalamu humwita Aspergillus niger, na masizi yale ni mbegu zake. Ukisaga ganda hilo umepanda mbegu kila kona ya kopo, zinangoja maji tu. Ganda hilo ladha haina. Nilimwambia alitupe, na kitunguu chenye masizi asafishe hadi tabaka safi ndipo achukue mkia wake.

Kwa nini hatukuanika upya

Hapa tulibishana. Alitaka kukwangua yale madoa, kutandaza unga juani siku mbili, kisha kuusaga tena. Alikuwa ametia kitunguu saumu cha kununua, na siku nne za kazi. Nilimkatalia kabisa, na ningemkatalia mtu yeyote.

Doa unaloliona ni sehemu ya kuvu iliyochanua. Nyuzi zake zimeshapita ndani ya unga ambako jicho haliendi. Na baadhi ya kuvu, hasa Aspergillus flavus anayependa vyakula vikavu vilivyopata unyevu, hutengeneza sumukuvu. Sumu hiyo haifi kwa jua wala kwa kuchemsha supu saa nzima. Kuvu akifa, sumu yake inabaki. Mwaka 2004 huko mashariki ya Kenya, maeneo ya Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumukuvu na 125 wakafariki. Mwaka 2016 nasi Tanzania tulizika watu Dodoma na Manyara kwa sababu hiyo hiyo. Walikuwa wakila mahindi kila siku, kwa wingi, na kijiko cha viungo si sinia la ugali. Siwezi kumwambia mtu kwamba kopo la wifi lilikuwa na sumu, maana kuvu wapo wengi na si wote wana sumu hiyo. Lakini kwa macho huwezi kuwatofautisha, na yeye anapikia watu arobaini kwa siku, wakiwemo watoto wa shule. Maganda yalikuwa ya bure. Hasara yenyewe ilikuwa chumvi na kitunguu saumu.

Akauliza kama awape kuku. Hapana, kuku nao hudhurika. Tulichimba shimo nyuma ya mgomba tukafukia, kopo tukaliosha kwa maji ya moto akaligeuza la misumari.

Utaratibu wa sasa

Hatukubadilisha kila kitu. Kuosha kwa beseni kumekuwa kuosha kwa maji yanayotiririka, kwa brashi, karoti ikiwa nzima kabla ya kumenywa. Dawa za shambani hukaa zaidi kwenye ganda, na sisi ganda ndilo tunalolila. Hilo linanisumbua kuliko kuvu, kwa kweli, kwa sababu kuosha hakuondoi yote. Wifi sasa ananunua karoti kwa muuzaji mmoja anayeleta za shamba la kaka yake, na ameshamuuliza wanapiga nini na wanavuna siku ngapi baadaye. Kilichooza, hata kidogo, hakiingii. Maganda ya viazi hayaingii kamwe, maana yakiwa ya kijani yana sumu yake, na ya muhogo vilevile. Kabichi inaliwa lakini ikikaushwa inanuka, ikatolewa.

Mabadiliko makubwa ni kutenganisha. Majani kwenye ungo wake, maganda membamba kwenye wake, vitu vinene kwenye wake, nyanya peke yake. Vichwa vya karoti vinakatwa vipande vyembamba kama sarafu. Karoti zote zinachovywa kwenye maji yanayochemka dakika mbili, zinatolewa na kupozwa kwa maji safi baridi: rangi haififii, harufu ya majani makavu haiji, na vipande hukauka upesi zaidi. Kitunguu, tangawizi na majani ya harufu havichovywi, vitapoteza kila kitu. Nyungo zinakaa juu ya vigingi ili upepo upite chini, zimefunikwa chandarua kikuukuu kilichofuliwa, na kitambaa chepesi juu yake kwa sababu jua la moja kwa moja hula rangi ya karoti na vitamini iliyomo. Magharibi kila kitu kinaingia ndani na kufungiwa kwenye ndoo yenye kifuniko. Usiku wa pwani hurudisha sehemu ya kile jua lilichochukua mchana.

Kipande kinene zaidi ndicho kinachotoa hukumu. Kikipinda, bado. Kikivunjika kwa mlio na ndani kuna rangi ileile ya nje, tayari. Kisha mizani: kwa mchanganyiko wake wa kilo 3, chini ya gramu 360. Mwenye mchanganyiko mwingine ajipatie namba yake kwa kukausha mkupuo mmoja wakati wa kiangazi mpaka uzito usishuke tena.

Baada ya hapo hakuna kusaga. Vipande vinapoa, vinatiwa kwenye chupa za kioo hadi theluthi mbili, vinafungwa, na kila asubuhi kwa wiki nzima vinatikiswa. Ukungu wa maji ukionekana kwenye kioo, vinarudi juani. Kisha vinakaa vikiwa vipande, gizani. Jumamosi anasaga gramu 60 za wiki, anaziacha zipoe kwanza, anazitia kwenye kichupa kidogo. Ukisaga kilo nzima umefungua milango maelfu kwa hewa ya bahari. Kwa ladha anapenda sehemu nne za karoti, mbili za nyanya, mbili za mikia ya vitunguu vya majani, moja ya seleri, moja ya kotimiri, tangawizi kidogo. Nami ningeongeza nyanya. Na unga huu ni wa kuchemka chunguni, si wa kunyunyizia kachumbari, maana kukausha hakuui vijidudu vyote.

Mkupuo wa kwanza kwa utaratibu huo ulikuwa mwishoni mwa Juni, kipupwe kikiwa kimetulia: kilo 3, gramu 347. Vipande vya mwisho vya chupa zile vilisagwa Agosti, vikiwa na harufu ileile.

Mvua zikishika kweli haaniki. Maganda ya siku yanaoshwa na kuchemshwa saa moja, yanachujwa, na maji yake yanaingia kwenye supu asubuhi hiyo hiyo. Wateja wameanza kuuliza kama anauza unga. Nimemwomba angoje: kusimamia chakula cha kufungashwa ni kazi ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, tangu mwaka 2019, na kabla ya kwenda huko nataka apitie mafunzo ya usindikaji ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, na aone chupa zake zikivuka masika moja kamili.

Juzi vuli ilipotulia alijaribu mkupuo mmoja kati ya mvua na mvua. Alinionyesha ukurasa wa daftari: kilo 3, gramu 378. Mbele yake alikuwa ameshaandika kwa kalamu nyekundu, "Rudisha juani."